Niliyosema Madhabahuni Kuhusu Ini Langu

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi sita kule Mabamba, na huku Kasulu macho yangu yalikuwa yameanza kugeuka njano. Nianzie hapo, maana mengine yote yanatokea hapo. Ugonjwa wa ini, ambao nilikuwa nimeutangaza mbele ya kanisa zima kwamba umekwisha, ulikuwa umerudi. Na daktari alikuwa amenipa kazi moja ya haraka: binti yangu apimwe kabla hajajifungua, asije akampa mtoto wake kile ambacho huenda mimi nilimpa yeye. Ili kumwambia akapime ilibidi nimwambie kwanza kwamba sikupona. Neno moja tu. Lilinichukua wiki tano kulitoa mdomoni. Wiki tano, jamani, kwa mwanamke ambaye soko zima linamjua kwa mdomo.

Nauza maharage. Ukija kwenye meza yangu ukaanza kuyachambua kwa vidole na kusema yana wadudu, nitakusema mpaka ujute kuamka. Mume wangu alifariki binti akiwa darasa la pili, na tangu hapo naishi kiwanja kimoja na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Wifi ni mzee wa kanisa. Ana sauti ya kuongoza pambio na ana roho ya kuongoza watu, watake wasitake. Sisemi ni mtu mbaya. Nimejaribu sana kumfanya awe mtu mbaya katika habari hii, ingenisaidia, lakini haikubali.

Ugonjwa niliujulia kwenye kitanda cha kutolea damu. Mwenzetu wa kwaya alikuwa amejifungua kwa shida, damu imempungua, tukaenda wanawake sita hospitali tukiwa tumekunja mikono ya magauni. Wenzangu wakatolewa damu. Mimi nikaitwa pembeni. Muuguzi akasema, "Mama, damu yako hatutaitumia." Nikamuuliza damu yangu ina nini, kwani hii nyekundu siyo? Akanipeleka kwa daktari, kijana mpole mwenye miwani, akanieleza kwamba nina homa ya ini, ile ya B, na kwamba huenda ninayo tangu kuzaliwa. Nikacheka. Asubuhi ile ile nilikuwa nimejitwisha gunia mwenyewe. Akaniuliza mama yangu alikufaje. Nikaacha kucheka.

Mama yangu alivuka kutoka Burundi nikiwa tumboni mwake. Alikufa mimi nikiwa msichana, tumbo limemjaa maji, miguu imevimba, macho njano kama yai. Tulisema amerogwa. Tena tulimjua na aliyemroga, bibi mmoja jirani, tukamnunia mpaka naye akafa bila mtu wa kwetu kumpelekea hata uji. Siku ile kwenye kiti cha daktari nilimkumbuka bibi yule kuliko nilivyomkumbuka mama. Yoo! Tulimtenda vibaya mtu wa watu.

Daktari alisema mambo matatu. La kwanza, nitameza kidonge kimoja kila siku, na nisiache mpaka aniambie yeye. La pili, nile na watu kama kawaida, ugonjwa huu hauambukizi kwa sahani wala kikombe. La tatu, watoto wangu wapimwe. Nikamwambia ninaye mmoja, yuko shule ya bweni, akifunga nitamleta. Alifunga mara nyingi. Sikumleta hata mara moja. Mwanzoni nilijiambia nisimvuruge na mitihani. Baadaye zikaja habari za mchumba, nikajiambia nisimharibie.

Lile la pili nilimfikishia wifi siku ile ile. Akasema, "Daktari haishi hapa." Sisi wanawake wa kiwanjani tunakula pamoja, sahani moja kubwa ya ugali wa muhogo katikati, kisamvu pembeni, kila mtu anamega mbele yake. Jioni hiyo wifi alichukua mwiko, akakata tonge langu kubwa pembeni, akaliweka kwenye kisahani cha plastiki cha bluu, akakisogeza kwangu. "Si kwa ubaya, wifi. Ni usalama tu." Wenzangu wote wakaanza kutazama mboga. Kwa miaka minne nilikula kwenye kisahani kile, mkekani pale pale na wenzangu, nusu mita kutoka kwenye sahani ya watu. Kikombe changu kilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake ili kisichanganywe. Nilikuwa nikipita nyumba za watu nakuta soda yangu imekuja na mrija, wengine wote wamepewa glasi. Msiniambie eti huo ni ustaarabu. Mbwa naye ana bakuli lake, na mbwa hajui kama anatengwa, mimi nilijua.

Halafu lile dirisha. Dawa ya ini ilitolewa kwenye dirisha lile lile la wenye virusi vya UKIMWI, maana kidonge chenyewe kinafanana na chao. Unasimama kwenye foleni, anapita mteja wako wa maharage, anakuona, anajifanya hakukuona. Wiki inayofuata hanunui. Nilikuwa naweza kusimama katikati ya soko nikapiga kelele kwamba ni ini, ni ini, si hicho mnachofikiri. Nani angesikiliza? Na hata ningesikilizwa ingekuwaje, ningekuwa nawatukana wenzangu wa foleni, ambao ndio watu pekee mle mjini waliokuwa wananisalimia kwa kunishika mkono.

Basi, nikameza. Miaka minne sikuruka siku. Daktari akachukua damu, ikapelekwa mbali kupimwa, ikakaa, majibu yakarudi. Akayaweka mezani, akatabasamu. "Mama, virusi havionekani."

Nikapiga kigelegele humo humo chumbani.

"Subiri," akasema. "Havionekani si kwamba havipo. Dawa imevikalia. Ukiiondoa dawa vitaamka, si lazima leo, hata baada ya miaka. Endelea kumeza."

Nilimsikia. Naomba mtu asinitetee hapa. Sikuwa kiziwi, Kiswahili nakijua, na kijana yule alisema taratibu, mara mbili. Nilimsikia vizuri kabisa, nikasema ndiyo daktari, nikatoka nje na ile karatasi nikaibusu.

Nyumbani nilimwonyesha wifi. Akaisoma, akapiga magoti chini pale pale jikoni, akalia. Alilia kweli, machozi, kamasi. Miaka yote minne alikuwa akifunga na kuniombea kila Jumatano, huku ananikatia ugali pembeni. Yote mawili alikuwa anayafanya kwa moyo mmoja, na mimi hadi leo sijui nimchukulieje mtu wa namna hiyo. Alipoinuka akasema, "Sasa shukrani. Mungu ametenda, utamficha?"

Kwetu mtu akipona hakai kimya. Unaandaa kikapu, unaweka mazao, jogoo akipatikana, wanawake wa kwaya wanavaa sare ya kitenge, mnaingia kanisani mnacheza tangu mlangoni hadi mbele, na ukifika mbele unaeleza ulivyougua na ulivyopona. Ukishamshukuru Mungu hadharani umefunga habari. Kuendelea kujiuguza baada ya hapo ni kama kurudi madhabahuni ukachukua jogoo wako. Hakuna aliyeandika hivyo mahali popote. Ila kila mtu anajua, kama unavyojua kwamba mahari ikishapokelewa hairudishwi kwa sababu umekosa usingizi.

Nikaingia. Maharage yangu bora, ya njano, kichwani. Vigelegele. Mchungaji, mzee mtaratibu, akaniuliza kwenye kipaza sauti, "Na hospitali wamesemaje, mama?" Nikasema, "Wamepima, hawakuona kitu." Kanisa likalipuka. Sikuwa nimesema uongo, si ndiyo? Karatasi ilisema hivyo. Lakini walivyopiga makofi, walivyosimama, wale wale walioniletea soda na mrija, kitu kikanipanda kichwani. Mkobani nilikuwa na kopo la dawa. Nikalitoa. Nikaliinua juu, nikasema, "Na hivi sivihitaji tena!" nikaliweka kwenye kikapu juu ya maharage.

Mchungaji hakuniambia niache dawa. Wifi hakuniambia. Hakuna aliyeniambia. Nimetafuta wa kumsingizia kwa muda mrefu, na kila nikitafuta namkuta mwanamke mmoja amesimama mbele amevaa sare, mkono juu, anafurahia.

Mchana ule, nyumbani, wifi aliweka sahani kubwa katikati, akakichukua kile kisahani cha bluu akakitupa jalalani mbele ya wageni. Akamega tonge, akachovya, akanilisha kwa mkono wake. Kisha akamega mahali pale pale nilipomega mimi, akala. Nililia mpaka mboga ikawa na chumvi nyingi. Kama mtu angekuja saa ile kuniambia vidonge au sahani, chagua, ningechagua sahani. Ndicho nilichochagua.

Ikafuata miaka mitatu mizuri, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ningeumwa mwezi uliofuata ningejifunza mapema. Sikuumwa. Nilinenepa. Nilialikwa Buhigwe kutoa ushuhuda, nikaalikwa Munanila, nikaalikwa Kibondo mjini, napewa kiti cha mbele na chai ya maziwa. Kila nilipousimulia uliongezeka kidogo. Kufika Munanila daktari alikuwa tayari ameshika kichwa akisema hajawahi kuona jambo kama hili. Hakushika kichwa. Alisema endelea kumeza.

Mchumba wa binti yangu akawa mume. Kwao ni Mabamba, karibu kabisa na mpaka, watu wa kulima, Wakristo wa dhati, wazazi wao walivuka kama mama yangu alivyovuka. Siku ya kumpokea bibi harusi, mkwe mwenzangu, yaani mama wa kijana, alinishika mikono miwili akasema, "Nimepata binti wa mama aliyeponywa. Nyumba yangu imebarikiwa." Nikaitikia kwa kuinamisha kichwa, kama mtakatifu. Ebo! Mtakatifu wa maharage.

Mwaka wa nne ukaja na uchovu. Nilisema ni umri. Kisha nikaanza kuchukia harufu ya mawese, mimi niliyelelewa kwa mawese. Ngozi ikawa inawasha, nikasema ni sabuni. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mara mbili, nikasema sinywi maji. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Aliyeyamaliza majibu yangu ni mzee mwenye duka linalotazamana na meza yangu, Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, mtu wa maneno machache. Nilikwenda kwake kununua chumvi. Akaiweka mezani, hakuiachia.

"Dada, macho yako umeyaona?"

"Yana nini?"

"Njano. Nenda hospitali."

"Mzee, nimekuja kununua chumvi, sijaja kutabiriwa."

"Chumvi nakupa bure. Nenda leo."

Nilimtukana. Tusi gani sisemi, lakini kwenye vumbi la mtaa ule bado lipo. Halafu nikafunga meza, nikaenda.

Daktari alikuwa yule yule, miwani ile ile, amezidi mvi kidogo pembeni. Akafungua faili, akafunua, akafunua, akafika kwenye ukurasa wa mwisho. "Mama, ulipotelea wapi?"

"Niliponywa."

Hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata wa kugombana naye. Akaniuliza niliacha lini, nikamwambia. Akanilaza, akanibonyeza chini ya mbavu, nikaruka. Majibu ya damu yalipotoka akanieleza kwamba virusi vimeamka vyote kwa pamoja na ini limevimba, na kwamba sehemu yake imeshaanza kuwa na makovu ambayo hayafutiki. Dawa zinaanza tena leo, na safari hii ni za kufa nazo. Nikasema sawa. Nilikuwa nimekaa tu kama gunia.

Ndipo akauliza, "Na binti? Alipimwa?"

"Ana mimba ya miezi sita."

Akavua miwani. Akaniambia kama anavyomwambia mtoto njia ya kwenda dukani, hatua kwa hatua, kwamba mama mwenye virusi vingi humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, lakini inazuilika: akipimwa sasa, akianza vidonge miezi hii ya mwisho, na mtoto akichomwa sindano siku ile ile anayozaliwa, mara nyingi anaponyoka. "Lakini lazima ijulikane kabla. Mwambie apime wiki hii."

Nikasema ndiyo, daktari. Mnaona? Ile ile "ndiyo" yangu.

Jioni nikampigia binti. Nikamuuliza hali, nikamuuliza mgongo, nikamuuliza kama anakula matunda. Yeye akasema, "Mama, mbona sauti yako imechoka?" Nikasema mtandao. Wiki ya pili nikampigia, nikamuuliza kama kliniki wanampima vizuri. "Wananipima," akasema, kwa haraka, akageuza maneno. Sikuuliza zaidi, nilishukuru kwamba amegeuza. Wiki ya tatu sikupiga kabisa. Nilijua ninachokihesabu: miezi sita, sita na nusu, inakaribia saba. Nikawa naamka asubuhi na sentensi yangu imepangwa vizuri, kufika saa nne nimeipoteza. Maana si binti peke yake. Ningemwambia binti, binti angemwambia mume, mume angemwambia mama yake, na kabla jua halijazama Mabamba nzima ingejua kwamba yule mama aliyeponywa ni mwongo, na kwamba damu aliyowapelekea imebeba kitu. Wangemkatia ugali wake pembeni. Binti yangu! Afadhali mimi nilikuwa nimezoea.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba namlinda. Wiki ya nne nilikuwa nimeshajikamata. Sikuwa namlinda mtu. Nilikuwa nalinda kiti changu cha mbele.

Wifi alilikuta kopo la dawa chini ya mto. Akaja nalo uani limeshikwa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Wifi, hii nini? Unamrudisha Mungu nyuma?"

"Nitazame macho."

"Ni majaribu. Shetani anataka ushuhuda wako."

"Achukue!" nikamwambia. "Achukue ushuhuda, achukue na sare, aniachie mtoto wangu!" Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Nikamwambia ya kisahani cha bluu, nikamwambia ya uzi mwekundu, miaka minane ya maneno yote yakatoka siku moja. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilikuwa naogopa, wifi. Mdogo wangu amekufa, mama yako amekufa, nilikuwa naogopa." Akaliweka kopo juu ya ndoo iliyofunikwa, akaingia ndani. Kesho yake nikapanda gari la Kibondo, nikaunga la Mabamba.

Nilifika mchana. Walikuwa wamejua nakuja, wamechinja, wameita majirani. Mkwe mwenzangu alinipokea kwa kunikumbatia mara tatu, akaninong'oneza kwamba nimekonda. Binti yangu akatoka ndani taratibu, tumbo mbele, amependeza, akapiga goti kidogo kunisalimia. Nikamwambia, "Inuka, mwana wanje, mwanangu, inuka." Nilitaka kumvuta kando saa ile ile. Sikupata nafasi. Tukakalishwa mkekani, sala ikaombwa, na mkwe mwenzangu akasimama akasema, "Kabla hatujala, mama huyu awekee mkono tumbo la mtoto wetu, atupe ule ushuhuda wake, mjukuu azaliwe ndani ya uponyaji." Watu wakaitikia ndiyo kwa lugha ya nyumbani, "Ego, ego!" Wakatulia kunisikiliza.

Nikasimama. Nikamwekea binti mkono tumboni. Mtoto akapiga teke, nikalisikia kwenye kiganja.

"Sikupona," nikasema.

Walidhani ndio mwanzo wa ushuhuda. Kuna mama mmoja akasema amina.

"Sikilizeni jamani. Sikupona. Nilikuwa nameza dawa na dawa ilikuwa inafanya kazi, nikaiacha kwa sifa. Ugonjwa umerudi, mnitazame macho. Na binti yangu huenda anao, huenda nilimpa mimi. Anatakiwa apimwe, hata kesho."

Mkwe mwenzangu akakaa chini polepole kama mtu anayetafuta kiti gizani. Nikamgeukia binti yangu, nikitegemea alie, anikasirikie, aniulize kwa nini. Hakuniuliza hata kimoja. Alikuwa ananitazama macho, jicho moja, halafu la pili, anayachunguza.

"Nilipimwa, mama," akasema. "Mimba ya miezi minne, kliniki. Ninao."

"Na dawa?"

"Waliniandikia niende Kibondo. Sikwenda." Akainamisha kichwa, sauti ikapungua hadi ikabaki yetu wawili. "Nilikuwa nasubiri nipone kama wewe."

Sijui niliketije. Nakumbuka tu kwamba mkono wangu ulikuwa bado umelowa jasho la tumbo lake. Miezi mitatu alikuwa nao peke yake, ndani ya nyumba ile, hajamwambia mume, hajaniambia mimi, anajifungia kuomba kwa maneno yangu, yale yale ya Munanila, na daktari aliyeshika kichwa yumo. Wiki zote tano nilizokuwa nahangaika nimwambieje, yeye alikuwa anajua, na alichokosa si habari ya ugonjwa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba mama yake ni mwongo.

Mkwe mwenzangu ndiye aliyesema tule. Tulikula. Sahani ilikuwa moja, na hakuna aliyemega karibu na sisi wawili, lakini hakuna aliyetukatia pembeni pia, na kwa siku ile hiyo ilitosha.

Nitangulie kusema kwamba mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Sindano yake ilitafutwa kwa simu na kwa pikipiki, akachomwa kabla siku haijaisha. Damu yake hawajaipima. Wamesema hadi apite miezi tisa, akipimwa sasa majibu yanaweza kudanganya. Ana miezi mitano. Anacheka na kila mtu, mjinga wa watu. Kuhusu yeye sina la kusema, na nikijikuta nataka kusema najiuma ulimi. Ila kinachonikaba hadi leo ni ile asubuhi ya kesho yake, Kibondo, tulipokwenda kumwandikisha dawa.

Tulikwenda watatu, mume wake, yeye na mimi. Hospitali tukapanga foleni ya dirisha. Nilimwona anatazama nyuma kama kuna anayemjua, nikatamani nimfunike na kanga yangu mzima mzima. Ndani, muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wangu, mkali, wa kazi. Akasoma kadi ya kliniki. Akasoma tena tarehe. Akamtazama binti yangu juu ya kadi.

"Uliandikiwa uje mwezi wa nne wa mimba. Huu wa saba. Ulikuwa wapi?"

Binti yangu akaivuta kanga mabegani.

"Nauliza kwa sababu ningetaka kujua. Mimba ya kwanza, umesoma, mume unaye, njia ipo. Nani alikwambia ugonjwa huu unaondoka wenyewe?"

Binti yangu akatazama sakafu. Nilimngoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na mimi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Hakusema. Akakunja midomo, akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Watu tu." Alikuwa ananisitiri. Na tumbo lile, na yote yale, bado alikuwa ananisitiri mbele ya mtu asiyetujua.

"Watu gani?" muuguzi akasema, kalamu mkononi. "Hao watu ndio wanaotuulia wajawazito wetu. Ni mganga? Ni jirani?"

"Ni mimi," nikasema.

Akanigeukia. "Na wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akamwambia binti yangu akunje mkono wa gauni atolewe damu.